Gari la kuvuta mashua ya tanga: lipi ununue, lipi uliache

Anayetafuta gari la kuvuta mashua huanza kwa kuuliza lina sisi ngapi. Swali hilo liweke kando kwanza. Karibu kila injini ya lita 2 itaitoa mashua ya tani moja na nusu Msasani na kuifikisha Bagamoyo, maana njia ni tambarare. Kazi ipo kwenye kuisimamisha bodaboda anapokukatiza, na kwenye kuipandisha kutoka majini wakati maji yamekupwa na zege la mteremko limeota mwani. Gari la kuvutia hupimwa kwa hayo mawili.

Pima mzigo kwanza

Uzito ulioandikwa kwenye karatasi za mashua ni wa chombo kitupu. Chukua mashua ya futi 22 yenye mkuku wa kupandishwa, kilo 1,050. Tela lake, 350. Injini ya nje ya farasi 6, kilo 26, lita 20 za petroli, 15, nanga na mnyororo, 15, betri, 20, matanga, 20, maji ya kunywa lita 40, kilo 40. Ongeza majaketi, kamba, jiko na makorokoro ambayo hakuna anayekumbuka aliyaingiza lini, 45. Jumla umefika 1,581, na bado hujapakia mtu wala chakula. Kama mashua ni ya aina inayobeba farumi ya maji (maji yanayojazwa tangini ili mashua isipinduke), mfano MacGregor 26, na umesahau kufungua valvu yatoke, umejiongezea zaidi ya kilo 500. Baada ya hesabu hiyo ya mkononi, lipeleke tela kwenye mizani ya magari ukapate namba ya kweli.

Kipimo cha pili ni uzito unaokalia goroli la kuvutia, ule mpira wa chuma ulio nyuma ya gari. Kwa mashua, asilimia 7 hadi 10 ya uzito wote inafaa; kwa kilo 1,580 ni kama 110 hadi 158. Mizani ya bafuni haifiki huko, kwa hiyo tumia ubao. Weka ubao wa sentimita 150, ncha moja juu ya tofali na nyingine juu ya mizani, kisha teremsha shingo ya tela (ncha yake ya mbele inayokaa juu ya goroli) kwenye alama ya sentimita 50 kutoka kwenye tofali. Namba utakayoisoma (toa uzito wa ubao) zidisha kwa 3. Ikisoma 42, una kilo 126, na uko sawa. Uzito ukiwa mdogo mno, tela huanza kucheza mkia ukifika kilomita 80 kwa saa. Ukizidi, nyuma ya gari huketi, tairi za mbele huwa nyepesi na stelingi haishiki. Dawa ni kusogeza mashua mbele au nyuma juu ya tela, au kuhamisha injini na nanga.

Kumbuka kilo hizo 126 zinahesabika kama mzigo ndani ya gari. SUV nyingi za ukubwa wa kati hubeba kilo 600 hivi. Watu watano wa kilo 75, mizigo ya kilo 100 na shingo ya tela: umebeba 601. Hapo limejaa, hata kama buti linaonekana lina nafasi.

Namba za kulinganisha

Kitabu cha gari lililotoka Japani kimeandikwa Kijapani na mara nyingi hakitaji uzito wa kuvuta. Tafuta namba iliyotolewa Australia au Uingereza kwa gari hilohilo, lakini hakikisha injini na giaboksi ni zilezile. Utakutana na namba mbili: ya tela lenye breki, na ya tela lisilo na breki, ambayo kwa magari mengi ni kilo 750. Hapa ndipo watu wa pwani hujidanganya. Breki za tela zikishaliwa na chumvi na kukwama, fundi huzing'oa "kwa muda". Kuanzia siku hiyo, gari lililopangiwa kilo 3,000 lina haki ya kuvuta 750 tu.

Kwa asiye na uzoefu, tela lililopakiwa lisizidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu. Kwa tela letu la kilo 1,581, gari liwe na kilo 1,860 au zaidi.

1. Toyota Land Cruiser Prado 150, dizeli ya lita 2.8

Kwa mashua nyingi za tela hili ndilo la kwanza. Lina uzito wa kilo 2,100 na zaidi, fremu ya chuma chini, nguvu kwenye magurudumu yote muda wote na gia nzito (low range). Toleo la kuanzia mwishoni mwa 2017 limepangiwa kilo 3,000 za tela lenye breki katika soko la Australia. Injini hii ya 1GD, iliyoanza kufungwa 2015, ina torki (nguvu ya kusokota) ya 450 Nm au zaidi ikiwa na giaboksi ya otomatiki ya gia 6.

Toleo la petroli la lita 2.7 ndilo limejaa mitaani kwa sababu ya bei, nalo lina 246 Nm. Pwani litakutosha hadi kilo 1,500. Ukiwa unavuta kwenda Naivasha, fikiria tena. Ziwa liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kila mita 100 unazopanda. Siku ya kurudi Nairobi unaupanda ukingo wa Bonde la Ufa, ule mlima wa Mai Mahiu, ukiwa umepungukiwa moja ya tano ya nguvu au zaidi na mashua iko nyuma. Tabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Prado 120 yenye dizeli ya lita 3.0 bado ni gari zuri kwa pesa chache, ila kagua injekta. Vikombe vya shaba vinavyoziba chini ya injekta za injini hiyo, 1KD, vikivuja, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio lililo ndani ya sampo, na injini hufa bila onyo refu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, hivyo Prado 120 utaipata kwa aliyekwisha kuitumia hapahapa.

2. Toyota Hilux dabo kabini, dizeli, magurudumu manne

Kwa uwezo wa kuvuta linaishinda Prado: lile la lita 2.8 limepangiwa kilo 3,200 hadi 3,500 kutegemea mwaka na giaboksi. Urefu kati ya ekseli mbili ni mita 3.085, na wa Prado ni 2.79, urefu huo hutuliza tela barabarani. Nanga zenye matope na injini inayonuka petroli hukaa nyuma, mbali na watoto.

Kilichoishusha hadi nafasi ya pili ni mteremko wenye mwani. Karai tupu halina uzito juu ya ekseli ya nyuma, na Hilux huvuta kwa nyuma mpaka uingize four wheel mwenyewe. Tazama kinachotokea dereva akisahau: tairi za nyuma ndizo zilizo kwenye utelezi, hendibreki inashika hizohizo, na gia ikiwa kwenye P inafunga hizohizo. Mashua ikianza kuelea, uzito unahama, tairi zinateleza zikiwa zimefungwa kabisa, na gari linafuata tela majini bila gurudumu hata moja la nyuma kuzunguka. Ukiingiza gia nzito kabla ya kurudi nyuma, tairi za mbele zilizo kwenye zege kavu nazo zinafungwa. Kwa Prado, funga difu ya katikati kwa sababu hiyohiyo. Na weka kabari mbili, kwa gari lolote.

Ford Ranger na Isuzu D-Max ziko daraja moja na Hilux kwa kuvuta. Angalia ni lipi lina fundi na spea ulipo.

3. Land Cruiser 200

Linavuta kilo 3,500, na lenyewe lina zaidi ya kilo 2,600, kwa hiyo mashua hailiyumbishi. Kwa J/24, mashua ya mashindano ambayo pamoja na tela hukaribia tani mbili, hili halitoki jasho. Bei yake na mafuta yake hayana sababu kama mashua yako ni ya kilo 1,500.

4. Land Cruiser 70, hardtop au pikapu

Injini ya 1HZ ya lita 4.2 haina tabo, ina 285 Nm, na kwenye mlima utaongoza msafara wa malori. Lakini huvumilia mafundi wa kila aina. Zile kuukuu za dizeli kutoka Japani, baadhi zina umeme wa volti 24. Ukiunganisha taa za tela za volti 12, balbu zinaungua papo hapo.

5. Mitsubishi Pajero 3.2 dizeli

Linavuta kilo 3,000, kwa bei chini ya Prado. Lina mtego mmoja: tela likizidi kilo 2,500, uzito unaoruhusiwa kwenye goroli hushuka kutoka 250 hadi 180. Sikiliza cheni ya taimingi injini ikiwa baridi. Ikilia kama kokoto kwenye kopo, punguza bei au ondoka.

6. Forester, Harrier, RAV4, X-Trail

Kwa mashua ndogo zisizo na chumba, kama Laser ya kilo 59, Hobie 16 ya kilo 145 au Wayfarer ya kilo 169, haya yanatosha na kubaki. Kwa mashua yenye kitanda ndani, hapana. Forester nyingi zimepangiwa kilo 1,500 au pungufu, na uzito wao wenyewe ni huohuo. Yenye giaboksi ya CVT (otomatiki inayotumia mkanda au cheni badala ya gia) yaogope zaidi: hupata moto kwenye mwinuko mrefu, na oili ikishachemka giaboksi haitengenezeki kwa bei nafuu.

Kabla ya kulipa

Lala chini uangalie chuma cha kuvutia. Kiwe kimefungwa kwa bolti kwenye fremu. Kilichochomelewa kwenye bampa ni pambo. Goroli na kikombe cha tela vilingane. Goroli la inchi 1⅞ lina milimita 47.6, nalo hukaa ndani ya kikombe cha milimita 50 kana kwamba limeshika, kisha hutoka kwenye tuta la kwanza.

Fungua nati ya difu ya nyuma. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kupitia kipumulio. Gari hilo limekwisha kushusha mashua, tena bila mipira ya kipumulio kupandishwa juu. Gonga fremu kwa nyundo ndogo juu ya ekseli ya nyuma, kutu ya pwani huanzia hapo. Oili ya giaboksi ya otomatiki iwe nyekundu, isinuke kuungua; panga bajeti ya kufunga rejeta yake ya ziada. Mwisho omba kulijaribu ukiwa umeingiza gia nzito, mbele na nyuma. Magari mengi ya mjini hayajaingizwa gia hiyo kwa miaka, na kama imekwama ni bora ukaijulia kwa muuzaji kuliko ukiwa mtelemkoni siku ya bamvua, maji yanajaa.