Msimu mmoja wa korosho na toleo jipya la plagini ya ubao wa kazi

Ofisi yetu iko Chikongola, Mtwara mjini. Tuko wanne. Tunachapa vitabu vya risiti, mabango, fulana na kadi za harusi, na pembeni tunatengeneza tovuti za biashara ndogo. Anayezijua Mtwara na Lindi anajua kazi kama yetu inavyokwenda: miezi mingi ni shwari, kisha minada ya korosho ikianza, mwezi wa kumi hivi, kila mtu anataka chake jana. AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, zinataka vitabu kabla mzigo haujaingia ghalani. Wakulima wakishalipwa, zinafuata harusi, sare za shughuli na mabango ya maduka mapya.

Kwenye tovuti yetu, iliyojengwa kwa mfumo wa WordPress, tuna plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya kanban, yaani ubao wa kupangia kazi, mwaka wa pili sasa. Kila kazi ni kadi, na kadi inahama safu hadi safu. Majina ya safu yalikuja kwa Kiingereza, nikayabadilisha: Zilizoingia, Zinafanywa, Zinasubiri Mteja, Tayari. Msimu wa kwanza ilitusaidia kuona kazi zilipo, lakini kumaliza ilibaki shida ileile. Kuna siku safu ya Zinafanywa ilikuwa na kadi 23. Kila mmoja wetu ameshika kazi tano, sita, zote nusunusu, na simu hazinyamazi.

Toleo jipya limeleta kikomo cha kadi, na hili ndilo limenifanya niandike. Kila safu unaiwekea idadi ya juu. Ikifika hapo kichwa chake kinakuwa chekundu, na kadi nyingine ukiivuta inarudi ilikotoka.

Kanban ni neno la Kijapani, maana yake kibao au bango. Taiichi Ohno wa Toyota ndiye anayetajwa kuijenga njia hii kiwandani, miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili. Boksi la vipuri lilikuwa na kadi yake. Vipuri vikitumika, kadi inarudi nyuma kuagiza vingine, na pasipo kadi hakuna kutengeneza. Kadi ilikuwepo ili watu wasizalishe kisichohitajika bado. Sisi mwaka mzima tulikuwa na kadi zisizomzuia mtu chochote.

Niliweka kikomo cha sita. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Kijana wetu wa kaunta alinijia amekunja uso: "Dada, mfumo umegoma kupokea kazi, na mteja amesimama pale." Nikafungua safu. Kati ya zile sita, tatu zilikuwa vitabu vya risiti vilivyokwisha kuchapwa. Vimebaki kupigwa namba na kujalidiwa tu. Nikamwomba mteja atupe hadi saa kumi, tukaweka kila kitu chini, tukajalidi. Ilipofika alasiri safu ilikuwa na nafasi tatu, na AMCOS moja ilichukua mzigo wake siku mbili kabla ya ahadi. Tangu siku ile hakuna aliyenung'unikia rangi nyekundu.

La pili ni namba ndogo iliyo kwenye kona ya kadi, inayohesabu siku ambazo kadi imekaa katika safu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kazi zetu zinalala zaidi kwenye Zinasubiri Mteja. Moja ilikuwa na siku 11, ikimngoja katibu wa chama huko Newala athibitishe jina na namba ya simu ya ofisi yao. Zamani sampuli tulikuwa tunaituma kwa basi, kisha tunakaa kusubiri jibu. Sasa kadi inatoa kiungo chake, unakituma WhatsApp, mteja anaona sampuli ya kazi yake peke yake bila kufungua akaunti, anaandika maoni au anabonyeza kukubali. Mzee yule alijibu usiku uleule: "Mwanangu, jina sawa, lakini namba mmekosea mwisho, si 4 ni 7." Vitabu mia tano vingechapwa na namba isiyo yao.

Kadi sasa inavutika kwa kidole kwenye simu pia, jambo ambalo toleo la zamani lilishindwa. Umeme ukikatika tunaendelea kwa bando. Picha za mandhari na michoro ya takwimu sijazigusa, sioni zinanisaidia nini.

Kilichonisumbua ni vikumbusho vya barua pepe. Nilitaka vije saa moja asubuhi, vikawa vinakuja saa nne, siku nyingine saa tano. Maelezo ya plagini hayakugusia lolote, nikapoteza siku mbili kutafuta. Kazi zilizopangiwa muda ndani ya WordPress huamshwa mtu anapofungua tovuti. Tovuti yetu alfajiri haina mgeni, kwa hiyo kikumbusho kinamngoja mtu wa kwanza. Dawa yake ni kuingia kwenye paneli ya hosti, yaani kampuni inayohifadhi tovuti, kuweka kroni (amri inayojiendesha yenyewe kwa saa uliyoipanga) inayoita faili la wp-cron.php kila dakika 15, na kuzima ule uamshaji wa kawaida kwenye wp-config.php. Kagua pia ukanda wa saa katika mipangilio; wetu ulikuwa bado kwenye UTC, saa za kimataifa, ambazo ziko saa tatu nyuma yetu.

Na tukubaliane ofisini namna ya kuandika saa. Mwenzetu aliandika 3:00 akimaanisha saa tatu asubuhi, kompyuta ikaelewa saa tisa usiku, na kadi ikaonekana imechelewa kabla hajaamka. Sasa sote tunaandika 9:00.

Kiswahili hakimo ndani ya plagini. Nimeitafsiri mwenyewe kwa Loco Translate, plagini ya kutafsiria, jioni nne. Ukifanya hivyo, hifadhi faili kwenye folda ya Loco yenyewe, maana ukiliacha ndani ya folda ya plagini, toleo likibadilika linafutika. Ninaijali sana kazi hii ya tafsiri, kwa sababu kijana wa kaunta alianza kuutumia ubao kwa kujiamini siku alipouona kwa lugha yake.

Pungufu moja bado linaniuma. Kikomo ni cha safu nzima, hakimtazami mtu. Desemba, mchoraji wetu alikuwa ameshika kadi tano kati ya sita, sisi watatu tunagawana moja. Nimewaandikia watengenezaji waongeze kikomo cha kila mtu. Kwa sasa nimeikata Zinafanywa vipande viwili, Kuchora mwisho mbili na Kuchapa mwisho nne, na kadi za harusi za Januari zinapita humo.