Chanjo ya mafua kwa mutuele ya shule, Lubumbashi: tatizo ni kasha la barafu

Upande wa karatasi za mutuele, yaani bima ya afya tunayochangia shuleni, sina neno. Pesa inakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara, prefe, yaani mkuu wa shule, anagonga mhuri kwenye boni, ile hati ya kupokelea huduma, na kwenye gishe, dirisha la malipo, hutoi hata franka moja.

Neno langu ni lile kasha la baridi lililoletwa kwenye chumba cha walimu. Pakiti za barafu zilikuwa zimetoka friza muda uleule, bado zina ukungu mweupe, na sindano zimelazwa juu yake bila hata kipande cha katoni katikati. Kipimajoto kilikuwamo, tena kizima: nyuzi 1 chini ya sifuri. Chanjo ya mafua inatunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikiganda ni ya kutupwa, hata ikiyeyuka ikaonekana safi, maana kwa macho hutajua kama imeharibika. Nilipomwonyesha muuguzi, jibu lake: «Mwalimu, kazi yako ni chaki. Mambo ya frigo tuachie.»

Tuwaachie vipi? Huku umeme unakatika kila mara, basi wote wanaogopa joto tu na kulishindilia kasha barafu. Pakiti inaachwa kwanza mezani mpaka ukiitikisa usikie maji yanacheza ndani. Hiyo haidai mtambo wala bajeti, inadai subira.

Nilikataa kuchanjwa pale, nikaenda kwenye kituo chao chenyewe na boni ileile. Na hapo hasira ikaniishia nusu. Mama muuguzi wa kule alitoa sindano kwenye frigo mbele yangu, akaitikisa, akanivua mkono wote wa shati badala ya kuvuta kola na kuchoma juu mno kwenye kiungo cha bega, akaingiza nusu mililita katikati ya msuli. Akaniweka robo saa kwenye benchi, akaandika namba ya toleo kwenye karneti, kile kijitabu changu cha chanjo. Safi kabisa.

Ila someni lebo. OMS, Shirika la Afya Duniani, inachagua virusi vya chanjo mara mbili kwa mwaka: Februari kwa kaskazini ya dunia, Septemba kwa kusini. Ya kaskazini kwa kawaida inaandikwa miaka miwili, mfano 2025/2026. Ya kusini mwaka mmoja. Baridi yetu ni Mei hadi Agosti, na kinga inachukua kama wiki mbili kujengeka, kwa hiyo ombeni ya kusini, na muiombe Aprili. Kutuita wakati vumbi na baridi vimeshaanza, darasa zima linakohoa, ni dharau nyingine.

Nilitaka kuandika msijiandikishe. Jiandikisheni, bei ni ya haki. Lakini kasha likija shuleni, ombeni kipimajoto kabla ya kukunja shati, na wakikataa kukionyesha, chukueni boni yenu mwende kituoni. Nyota tatu, zote za yule mama. Kasha halina hata moja.