Ribiti safi, rangi balaa: uzoefu wangu na karakana iliyonitengenezea boti

Naandika haya kucha zangu zikiwa bado nyekundu, kwa hiyo mkiniona mkali mnielewe. Nilisema ningoje kwanza hasira zishuke. Kila nikitoka uani asubuhi nikaiona ile boti imelala kifudifudi juu ya matairi, zinapanda upya.

Karakana siitaji jina, na msiniulize.

Mie nasomesha kemia skuli ya sekondari, upande wa Wete, kisiwani Pemba. Uvuvi wangu si wa riziki, ni wa kupenda tu. Jumamosi baada ya sala ya alfajiri natia boti majini, narudi adhuhuri, nikipata kolekole wawili watatu na chewa mmoja basi nyumbani pamechangamka. Siendi nayo Mkondo wa Pemba. Kule waende wenye boti kubwa wanaofuata nduaro na jodari. Yangu inanitosha ndani ya ghuba na ukingoni mwa miamba ya kisiwa cha Fundo, siku ambazo upepo umetulia.

Boti yenyewe ni ya alumini, futi 14, bapa chini. Boti za namna hii asili yake ni maziwa na mito ya Marekani, ambako watu wanavua samaki wa maji baridi anayeitwa bass, yule mwenye mdomo mpana. Huku kwetu alipandikizwa Naivasha, Kenya, miaka ya 1920, na mpaka leo wapo wanaokwenda kumvua pale kwa burudani. Pemba hayupo. Lakini zile fimbo zake nyepesi na vile vichambo vya mpira vya kuchezesha taratibu karibu na mwamba, chewa wetu anavipenda vilevile. Ndiyo maana niliinunua. Ni nyepesi, watu wawili wanaivuta mchangani, na inaingia kwenye maji ya magoti pasi kugusa.

Tatizo ni kuwa ilizaliwa kwa maji baridi, na ilipofika kwangu ilikuwa imetoka Mwanza, Ziwa Victoria. Bahari ni kitu kingine. Siku ya kwanza tu niliitoa ile pande ya magnesiamu iliyofungwa nyuma ili iliwe yenyewe badala ya boti, kwa sababu magnesiamu ni ya ziwani, kwenye chumvi inaliwa upesi mno. Nikafunga zinki. Skrubu zote za stenlesi nilizitenga na alumini kwa washa za plastiki. Kila nikirudi naiosha kwa maji ya mfereji, ndani na nje, hata kama ni usiku. Wanangu wanajua hairuhusiwi kusahau chubwi, yale madini ya risasi ya kuzamishia mshipi, hata moja ndani ya ngama, humo tumboni mwa boti, kwani risasi ikilala juu ya alumini kwenye maji ya chumvi, chini yake alumini inaanza kuchimbika. Nayasema haya yote mjue boti hii nimeitunza kama mboni ya jicho. Sikuwa mtu wa kuitupa ufukweni ikaungua jua.

Sasa, mwaka jana, kusi ikielekea kwisha, ikaanza kuvuja. Boti hizi hazikuchomelewa. Mabati yake yameshikwa kwa ribiti nyingi, yaani pini fupi za metali zinazopondwa kichwa kwa nyundo, na kila wimbi linapoipiga tumbo, ribiti zinatikisika kidogo. Miaka ikipita zinalegea. Nikaivuta nchi kavu, nikaipandisha juu ya vigogo viwili vya mnazi, nikaijaza maji ndani mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mwanangu wa pili akajilaza chini yake na chaki ya skuli. Kila tone lilipochungulia akachora duara. Tulihesabu 11.

Mafundi wetu wa vyombo ni mabingwa, hilo halina ubishi. Mpe mashua iliyopasuka, atatia pamba kwenye mishono, atakalafati, atapaka sifa, yale mafuta ya papa, na deheni ya chokaa na mafuta, itaelea kama mpya. Faiba nayo wameshaizoea. Alumini ndiyo ngeni. Nikaelekezwa karakana moja, nikaambiwa yupo fundi pale aliyewahi kufanya kazi za mabati, anajua ribiti. Nikaipeleka. Nikamwonesha madoa ya chaki. Nikamwambia maneno haya haya: "Fundi, nataka ribiti tu. Kingine chochote usiguse mpaka uniulize." Akasema, "Mwalimu, usiwe na shaka."

Ulikuwa wakati wa mitihani, nasahihisha mpaka usiku wa manane, kwa hiyo siku ya kuichukua nilimtuma shemeji yangu. Akarudi kafurahi. "Imependeza, wameipaka na rangi chini, na hawakutoza." Mie nikadhani ni rangi ya kawaida ya mafuta. Sikwenda kutazama, akaiacha imefungwa nangani, ikakaa majini mfululizo mwezi na siku kadhaa. Nilitoka nayo mara mbili hivi. Haki lazima niiseme: halikuingia tone. Ngama kavu, vumbi linaonekana. Nilimsifu yule fundi skuli nzima, nikampeleka na mwalimu mwenzangu mwenye boti ya faiba.

Ikaja bamvua. Maji yalikupwa sana, boti ikakalia tope, nikashuka kwenda kuing'oa nanga. Chini ilikuwa nyekundu, ule wekundu wa matofali. Moyo ukashtuka. Pale tumbo lilipokuwa limesugua mchanga rangi ilikuwa imechubuka, na kwenye michubuko kumeota vijipu vidogo vidogo vyeupe, vimepangana kama surua. Nikakisugua kimoja kwa ukucha. Kikatoka unga mweupe, laini kama chokaa, na chini yake kishimo ambacho ncha ya kalamu ya risasi iliingia. Kingine. Kingine tena. Nilivihesabu mpaka 30 nikaacha.

Nikapanda pikipiki hapo hapo, na matope miguuni, mpaka karakana. Kopo lipo, limesimama dirishani. Nikalisoma: rangi ya kuzuia mwani, yenye oksidi ya shaba nyekundu.

Nawasomesha watoto wa kidato cha tatu jambo hili kila mwaka. Ule mpangilio wa metali, potasiamu juu kabisa, dhahabu chini kabisa. Alumini iko juu, shaba iko chini. Ziweke pamoja kwenye maji ya chumvi, umeinunulia alumini kifo chake: yenyewe ndiyo itakayoliwa, shaba itabaki salama. Juu ya mbao rangi ile ni dawa. Juu ya faiba ni dawa. Juu ya alumini iliyo uchi, bila hata tabaka la rangi ya msingi la kuzitenganisha, ni sumu. Na boti yangu kwa kawaida inalala nchi kavu! Haikuhitaji rangi ya kuzuia mwani hata kidogo.

Nilimweleza fundi, na nilimweleza kwa adabu. Nilianza na salamu. Akanisikiliza huku anafuta mikono kwa tambara, na vijana wake wanne wamekaa wanatazama. Nilipomaliza akasema:

"Mwalimu, hiyo si boti, hiyo sufuria. Ungetaka isiliwe na bahari ungeiacha jikoni."

Vijana wakacheka wote. Mmoja wao nilimsomesha.

Sijui niwaelezeje. Kishimo kinazibika. Lakini kusimama mbele ya watu, na umri huu, ukachekwa kwa sababu umeuliza kwa nini mali yako imeharibiwa, hilo halizibiki kwa gundi. Nilihisi masikio yananiwaka. Akaendelea: "Rangi ile ya bei. Ilibaki kwenye kazi ya faiba nikakupaka bure, na badala ya asante unaniletea darasa."

Halafu, kama vile hayajatosha, akamwita kijana alete ndoo. "Kostiki soda. Twende tukaimwagie, nusu saa imebanduka yote."

Hapo sikungoja. Nilimshika yule kijana mkono. Juu ya meza palikuwa na ribiti mpya za alumini ndani ya bakuli, na gilasi ya chai tupu. Nikamwambia kijana atie kostiki kidogo na maji ndani ya gilasi, nikadondosha ribiti moja. Mwanzo kimya. Baadaye vipovu vichache vikaambatana na ribiti kama lulu, halafu vikawa vingi, halafu gilasi nzima inachemka, maji yamegeuka ya kijivu, na ukigusa kioo kina moto. Ile ni hidrojeni inayotoka, na alumini inayeyuka. Tulisimama tunaitazama ribiti inavyopungua. Karakana ilinyamaza, hata redio nadhani mtu aliizima.

Fundi hakusema samahani. Alisema, "Haya, chukua sufuria yako," lakini safari hii kwa sauti ya chini, na ile ndoo akaisukuma kwa mguu chini ya meza.

Kuibandua nimefanya mwenyewe. Brashi ya waya haifai, vipande vya chuma vinajichomeka kwenye alumini vikaanzisha balaa jingine. Nilipata dawa ya kubandulia rangi isiyo na kostiki, nikachonga vibao vya mti mgumu nikavinoa kama patasi, na mahali pa kona nikatumia makumbi ya nazi na maji ya sabuni. Siku ya kwanza, kutwa nzima, nilisafisha eneo la mkeka wa kusalia. Wanangu wamesaidia, shemeji kasaidia kwa sababu anajiona mkosa, maskini, na mie nimeshamwambia hana kosa. Jirani yangu mmoja, mzee aliyevua na jahazi tangu ujana, alikuja akapitisha kiganja chake taratibu juu ya vile vishimo, akasema, "Mwanangu, hichi chombo kimeugua." Akachukua kumbi, akakaa, akasugua na sisi mpaka magharibi. Hakuulizwa na mtu.

Kwa hiyo nyota. Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa moja kati ya tano, na hiyo moja kwa sababu sufuri haiwezekani. Nikasema watu wasiende kabisa.

Halafu jana, tulipomaliza kubandua, tukafanya kama mwanzo. Boti juu ya vigogo, maji ndani mpaka vifundoni, mtoto chini na chaki. Nilitaka nijue kama vishimo vimetoboa. Alikaa chini muda mrefu. Nikamwita, "Vipi?" Akajibu, "Baba, hakuna." Nikaingia mwenyewe, na tochi. Vishimo havijapenya hata kimoja, alhamdulillahi. Nikazitazama zile ribiti 11. Vichwa vyote sawa, vya duara, vimekaa bapa, na pembezoni kuna uzi mwembamba wa gundi uliofutwa vizuri. Shemeji ameniambia alivyoziona zikipigwa: kijana yumo ndani ya boti kashika pande la chuma kukinga, fundi yuko nje na nyundo, pigo tatu tu kila ribiti, anahesabu kwa sauti ili mwenzake ajue lini asukume. Tangu zipigwe hazikuvuja majini, hazivuji sasa, na zimeshakaa mwezi mzima kwenye bahari ya chumvi zimepakwa shaba.

Sijui mwingine hapa kwetu anayeweza kupiga ribiti namna ile. Nimeulizia mpaka mji wa Mkoani, kusini mwa kisiwa.

Basi nasema nyota mbili. Nikikumbuka kicheko cha yule mtoto niliyemfundisha kusoma jedwali la elementi, narudi kwenye moja. Nikikumbuka kwamba ile rangi kweli alinipa bure, akidhani ananitendea wema, na hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kuwa shaba na alumini hazilali kitanda kimoja, naona labda ni tatu. Mwingine angenitoza. Lakini nilimwambia asiguse! Nilimwambia kwa mdomo wangu, akanijibu nisiwe na shaka. Kazi ya mikono yake nampa tano. Kwa ulimi wake, hana kitu kwangu.

Mwenye boti ya mbao au faiba aende, atahudumiwa vizuri, mwenzangu wa skuli hana malalamiko. Mwenye alumini asimtume mtu kwa niaba yake. Asimame pale pale toka asubuhi mpaka nyundo iwekwe chini, aende na kopo lake mwenyewe kama anataka rangi, na alisome.

Mie nina ribiti mbili zimeanza kulegea karibu na ubao wa kukalia, upande wa tezi, huko nyuma. Maji mafu yakiingia nitaipeleka tena, sina pengine. Nimeshaomba ruhusa ya siku moja skuli. Nitakwenda na kiti changu.