Kozi ya ngozi ya wiki nane, Kariakoo: maoni ya mpamba maharusi

Nilipamba maharusi Mbagala miaka tisa kabla sijakaa darasani hata siku moja. Kazi nilirithishwa na binamu yangu: singo, hina, kutinda nyusi, waksi, kusafisha uso. Mkono wangu mwepesi, wateja wanarudi, nikaamini najua. Mwaka jana akaja binti wa jirani kutoa nyusi kwa waksi. Alitoka amependeza. Asubuhi yake akanitumia picha: juu ya jicho la kushoto ngozi imebanduka upana wa kidole, pabichi kabisa. Waksi ilikuwa ile ile, na moto ule ule. Nilichokosa ni swali moja tu. Alikuwa na miezi mitatu anapaka tretinoini aliyoandikiwa kwa ajili ya chunusi, na mtu anayeipaka dawa hiyo ngozi yake ya juu hubanduka upesi, haitakiwi kuvutwa na waksi. Alama ilimkaa miezi mitano. Kila nikipishana naye kwa Mangi niliona haya kumtazama. Hilo ndilo lililonipeleka kwenye kozi hii.

Jina la chuo sitalitaja, kwa kuwa yapo pia yaliyonikera na sitaki kumharibia mtu riziki. Kipo Kariakoo ghorofa ya pili, chini wanauza nywele za bandia na vifaa vya saluni. Tulikuwa kumi na wanne, Jumamosi na Jumapili, saa tatu asubuhi hadi saa tisa. Ada laki nne na nusu, na elfu sitini ya vifaa.

Kilichoifanya kozi iwe na thamani ni mwalimu. Ni tabibu mstaafu wa magonjwa ya ngozi, mama wa makamo aliyesomea Moshi, kwenye kile kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC tangu mwaka 1992. Tulimwita Dokta. Wiki mbili za mwanzo hakuturuhusu kugusa uso wa mtu. Baadhi ya wenzangu walinung'unika, walikuja kujifunza feshali, si baiolojia. Mimi nasema zile wiki mbili ndizo nilizolipia.

Alianza na kitu ambacho sikuwahi kukifikiria: ngozi unayoiona kwa macho, ile ya juu kabisa, ni seli zilizokwisha kufa. Zilizaliwa chini, zikapanda taratibu, na safari hiyo kwa kijana huchukua kama wiki nne, kwa mtu mzima zaidi. Basi mteja anayetaka skrabu kila baada ya siku tatu anaomba aondolewe ukuta ambao mwili haujamaliza kuujenga. Akatueleza kwamba juu ya ngozi kuna asidi kidogo, pH ya karibu 5 (pH ni kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni zaidi), na ndiyo inayosaidia kuzuia vijidudu. Sabuni ya kipande ina 9 au 10. Mimi nilikuwa nawaosha wateja uso kwa sabuni ya kipande, kisha nawasugua sukari na limau. Limau lina asidi kali, na mtu akitoka nalo juani linaweza kumuunguza na kumwachia mabaka. Miaka tisa nilifanya hivyo kwa upendo wote.

Somo lililonikaa zaidi ni la rangi. Seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, idadi yake kwetu na kwa Mzungu inakaribiana. Tofauti ni wingi na ukubwa wa chembe za rangi zinazotolewa. Seli hizi kwetu ni za haraka: ukiunguza kidogo, ukisugua kwa nguvu, ukiminya chunusi kwa kucha, zinamwaga rangi pale pale, na jeraha likipona linabaki doa jeusi. Yale madoa wateja wanayotuletea tuyaondoe, mengi tumeyatengeneza sisi wenyewe mezani kwetu.

Kutoka hapo akaingia kwenye mkorogo, yaani krimu za kujichubua, na hapa alitumia siku mbili nzima. Hakuwatukana wanaojichubua. Alisema mteja akisikia anahukumiwa ataficha, na akificha utamuumiza. Alitufundisha kusoma mwili kabla ya kuuliza: uso mweupe na vifundo vya vidole vyeusi, mishipa inaonekana mashavuni, michirizi mipana mapajani na kwenye mikono, vinyweleo vimeongezeka. Ngozi hiyo imekondeshwa na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe wa ngozi, mara nyingi ile iitwayo klobetasoli, na ukiipaka waksi inatoka pamoja na nywele. Haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, ikitumiwa muda mrefu inaweza kugeuka, ikaleta weusi wa kibuluu ambao hautoki kirahisi. Zebaki hufichwa kwenye lebo kwa majina kama kalomeli, na onyo la kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha wala aluminiamu ni dalili yake kubwa. Tulipitisha makopo matupu mkono kwa mkono, tukisoma. Vipodozi nchini vinasimamiwa na TBS, shirika la viwango, tangu 2019, zamani ilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, lakini yale makopo alisema ameyapata kwenye maduka ya kawaida tu.

Jambo moja hapo sikulijua kabisa: mteja wa steroidi usimwambie aache leo. Ngozi iliyozoea ikikatiwa ghafla huwaka, huvimba, hutoka vipele kuliko mwanzo, naye atarudi kwenye krimu akiwa amekata tamaa. Mpeleke kwa daktari wa ngozi, na wewe usimguse.

Kuhusu usafi wa vifaa nilijiona niko vizuri, maana nina lile kaboksi la taa ya buluu tunaloliita sterilaiza. Dokta alilifungua la chuo mbele yetu, akaweka kibano ndani, akatuonyesha kivuli chake. Mahali mwanga usipofika, hakuna kilichouawa. Lile kaboksi ni la kuhifadhia kitu ambacho kimeshatakaswa. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa siku saba kwenye kifaa kikavu na bado vikaambukiza. Kwa hiyo: kwanza osha kwa maji na sabuni, kwa brashi, mpaka hakuna uchafu. Kisha jiki ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu sita za maji, dakika kumi, halafu suuza, maana jiki inakula chuma. Kinachotoboa ngozi, kama sindano ya kukamulia vichwa vyeusi, kiwe cha kutupa, au kiingie kwenye sufuria la mvuke wa presha, nyuzi 121 kwa dakika kumi na tano. Na kijiti cha waksi kikishagusa mtu hakirudi kwenye chungu. Hili la kijiti lilizua ubishi mkubwa darasani kwa sababu ya gharama. Mimi sasa nanunua pakiti za vijiti na nimepandisha bei ya waksi kwa elfu moja. Hakuna mteja aliyekimbia.

Sasa yaliyonikera. Kitini tulichopewa kina picha za ngozi nyeupe tupu. Ukurasa unasema angalia wekundu, na picha ni ya Mzungu aliyeiva kama nyanya. Kwenye ngozi ya Mbagala wekundu huo hauonekani. Unaona kahawia iliyokolea au zambarau, ngozi imevutika na inang'aa, na ukigusa kwa mgongo wa mkono ni ya moto. Haya Dokta alituambia kwa mdomo, kitini hakina. Hata ile mizani ya aina sita za ngozi tuliyokaririshwa, ambayo Thomas Fitzpatrick aliianzisha mwaka 1975, ilianza na watu weupe, sisi tukaongezwa baadaye. Chuo cha Kariakoo kinachofundisha wanafunzi weusi kingeweza kupiga picha zake chenyewe.

La pili ni zito zaidi. Pilingi, yaani asidi za kuchubua uso, zilifundishwa alasiri moja, na mwalimu mwingine, kijana mwenye haraka. Tulipaka kwa zamu kwenye uso wa mtu mmoja aliyejitolea, hakuna aliyemjaribu asidi hiyo nyuma ya sikio siku mbili kabla, kama Dokta alivyotufundisha wiki iliyotangulia. Halafu cheti kimeandikwa kwamba tumefuzu pilingi. Mimi sijafuzu, na sitaifanya. Nilimwambia mkuu wa chuo hivyo ana kwa ana, akasema watalifikiria. Cheti chenyewe ni cha chuo, si cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi; ukitaka cha kuajiriwa uliza mapema.

Nimemaliza mwezi wa nne. Wiki iliyofuata alikuja shangazi wa bi harusi mmoja kuweka oda ya laki na ishirini: singo, waksi ya mwili, na piko mikononi mpaka kwenye kiwiko.

"Shikamoo shangazi. Vyote nitafanya, piko sipaki tena."

"Marahaba mwanangu. Piko hupaki? Harusi gani isiyo na piko?"

Nikamweleza kwamba piko tunayotumia ni rangi ya nywele, ina kemikali inayoitwa PPD, na haikutengenezwa kukaa kwenye ngozi. Nikamweleza nilivyoona malengelenge yakifuata mchoro wa ua, jani kwa jani. Na mwili ukishaikataa mara moja, utaikataa maisha, hata kwenye kupaka nywele uzeeni. Shangazi alinisikiliza kwa adabu, akachukua mkoba wake, akaenda.

Usiku bi harusi akapiga mwenyewe. "Dada, nipake hina nyekundu tu. Lakini shangazi atasema." Nikamwambia namkaribisha yeye na shangazi, na kwamba nina maswali ya kumuuliza kwanza. Nilikuwa nimeshika fomu ya maswali aliyotupa Dokta: unapaka nini usoni, unameza dawa gani, una mimba, kidonda chako hutuna kikipona? Swali la kwanza tu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kuna krimu napaka, sijui jina, imekorogwa." Waksi sikumfanyia. Nilimpa namba ya kliniki ya ngozi na nikampaka hina.

Kozi nampendekezea mtu yeyote anayegusa ngozi za watu kwa pesa, kwa sharti moja: kabla hujalipa, uliza kama Dokta bado anafundisha. Akiondoka, ile laki nne na nusu kaa nayo.