Boksi la kugandishia seli lisilotumia alkoholi: nimekaa nalo mwaka na zaidi

Jamani kama kazi yenu ni kugandisha seli za kinga zije kupimwa baadae, someni hii kabla hamjanunua boksi. Mimi natumia hili la foamu, kabla ya hapo nilikuwa na lile la kumwagia alkoholi ya isopropanoli mililita 250, na kule sirudi.

Shida yote iko kwenye spidi ya kupoa. Seli zinatakiwa zishuke kama nyuzi 1 kwa dakika ndani ya friza ya -80, zikipoa haraka barafu inajitengeneza ndani yake inazipasua, zikichelewa mno maji yanazitoka zinasinyaa. Lile la alkoholi kazi hiyo linaiweza, ila alkoholi inabidi ibadilishwe kila baada ya kugandisha mara 5, sasa maabara ina watu wanne nani anahesabu? Tulibandika karatasi tukawa tunachora vistari, mmoja akisahau basi sampuli za wiki nzima unazitilia shaka. Na sampuli hizi hazina mbadala, huwezi kumfuata mtu umwambie nipe tena damu ya kabla ya chanjo, ile siku imeshapita. Ndo maana tunagandisha, ya kabla ya chanjo, ya mwezi wa kwanza, ya mwezi wa sita, unakuja kuziyeyusha zote siku moja unazipima kwenye sahani moja kwa dawa zilezile, ukiona tofauti ujue ni kinga ya mtu imebadilika na siyo kwamba siku ile mashine ilisumbua.

Hili la foamu halina cha kuhesabu. Unapanga tyubu 12, tundu likibaki wazi unaweka tyubu yenye dawa ya kugandishia peke yake bila seli, ya ujazo uleule, unafunga, friza, kesho yake unahamishia kwenye tangi la naitrojeni. Nikiyeyusha kwenye maji ya nyuzi 37 nikapaka tripani bluu, ile rangi inayoingia kwenye seli zilizokufa tu, nikaangalia kwenye darubini, mara nyingi zaidi ya 90 kwa 100 ziko hai. Nimefurahi sana kwa kweli.

Kasoro ipo moja kubwa, ile pete ya metali ya katikati, inayosaidia tyubu zipoe kwa spidi inayotakiwa, haijashikizwa, ukiliosha boksi ukaligeuza inatoka. Mwenzetu aligandisha bila pete tukaja kujua miezi baadae, tumeyeyusha seli zinavutika kwenye pipeti kama kamasi, ile ni DNA ya zilizokufa, inanasa hata zile chache zilizo hai. Sampuli za watu 3 zikaishia hapo, iliniuma sana maana wale watu walijitolea mikono yao.

Halafu boksi halitakusaidia kama wewe mwenyewe unachelewa. Damu isilale mezani, mimi naitaka iwe imeshatenganishwa ndani ya masaa 8, na ukishaweka ile DMSO ya asilimia 10, yaani iliyomo kwenye dawa ya kugandishia, usianze kupiga stori, kwenye joto la chumba inazidhuru seli, funga boksi haraka peleka friza.

Ukiweza nunua mawili, kwa sababu likitoka friza lazima lirudi kwenye joto la chumba ndo ulitumie tena. Na kwenye mfuniko andikeni kwa maka peni PETE IPO? sisi tumeandika.