Tofauti zinazofuatana na tofauti zilizotengana

Ukiwapanga wanafunzi wa darasa moja mjini Masindi kuanzia mfupi hadi mrefu, utaona mstari unaopanda polepole bila pengo, wengi wakiwa katikati. Urefu ni tofauti inayofuatana, hupimwa kwa sentimita, kwa kuwa jeni nyingi huchangia kila moja kidogo, huku lishe na maradhi ya utotoni yakiongeza au kupunguza. Pembe za ng'ombe wa Ankole nazo ni hivyo hivyo.

Kundi la damu halipangiki namna hiyo; ni tofauti iliyotengana. Mtu ni A, B, AB au O, makundi ambayo mwanasayansi Karl Landsteiner alianza kuyaeleza mwaka 1901, wala hakuna chakula kinachoweza kumhamisha.

Mfano ulio mzito zaidi, kwa maoni yangu, ni selimundu, ugonjwa wa damu unaotokana na badiliko dogo katika jeni moja ya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu. Jeni ya kawaida huitwa A na iliyobadilika S; mtoto hupata moja kutoka kwa kila mzazi, hivyo ni AA, AS au SS. Mwenye AS hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali, ilhali mwenye SS huugua. Wazazi wawili wenye AS wanaweza kupata mtoto mwenye SS; ndiyo maana wachumba wa Uganda wanapaswa kupima mapema. Hata hivyo, miongoni mwa wenye SS, ukali wa ugonjwa hutofautiana kwa viwango vinavyofuatana.