Duka la marashi la Mji wa Kale, Mombasa: chukueni mafuta, chupa za kupuliza ziacheni

Duka ni dogo, liko kichochoroni nyuma ya Ndia Kuu, halina kibao, fuata pua. Mzee muuzaji hana haraka. Anakupaka tone mgongoni mwa mkono na kukwambia, "Zunguka kwanza, mwanangu, urudi alasiri." Ukirudi ndipo mnapatana bei.

Nilichukua robo tola ya udi, robo ya sandali, na chupa ya kupuliza yenye harufu ya ndimu. Hii ya ndimu imenikera. Ukijipulizia, jirani anageuka. Lakini kwa joto letu la Januari, hujavuka feri ya Likoni imeshapotea. Mzee anadai spiriti iliyomo kwenye chupa hizi za kupuliza "hula harufu". Hapo mimi, mwalimu wa kemia, sikubaliani naye. Spiriti huchemka kwenye nyuzi 78, maji 100, maana molekuli za spiriti hazivutani sana kama za maji. Si lazima kitu kichemke ndipo kiruke, mbona nguo hukauka kambani? Ila kadiri molekuli zinavyoshikana, ndivyo zinavyochelewa kuondoka. Limonini, inayopatikana kwenye maganda ya ndimu, ina kaboni 10 na haina ile jozi ya oksijeni na haidrojeni ya kushikana na wenzake. Huchemka kwenye nyuzi 176, na katika marashi hiyo ni ndogo. Spiriti haikula kitu. Zote mbili zimejiendea.

Sandali sasa, maashallah! Santaloli yake ina kaboni 15, mwili mrefu wenye pengi pa kuvutana, na juu yake oksijeni na haidrojeni zinazoshikana na za jirani. Huchemka kupita nyuzi 300. Niliipaka asubuhi, na baada ya isha mume wangu bado aliuliza nanukia nini. Udi nao umejaa molekuli nzito. Ndiyo maana vijiti vyake haviachii harufu vizuri mpaka vikutane na kaa la chetezo.

Bei ya udi si mchezo, na umeacha doa kwenye kanzu nyeupe, kwa hivyo pakeni ngozini. Popote mnunuapo, tone likiwapa ubaridi mkononi, jueni limetiwa spiriti: inaporuka huchukua joto la ngozi. La mzee halikunipa ubaridi wowote. M-Pesa anapokea, ila Ijumaa hufunga mapema, basi msiende adhuhuri.